Tone la Saa Tisa

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, nanyi mliopanda kutoka Magoma na mliosafiri na vumbi lote la barabara ya Mtae, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia inaomba mtusikilize, na inaomba radhi mapema kwamba anayesoma karatasi hii, Alen, mtoto wa pili wa marehemu, ataitazama saa yake mara kwa mara, si kwa kukosa adabu mbele ya jeneza la baba yake, bali kwa jambo mtakaloelewa kabla hatujabeba jeneza.

Marehemu Nathanaeli Shehoza alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 hapa Mlola, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari Lushoto hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha mifugo Tanga, alikohitimu mwaka 1979. Aliajiriwa kuwa bwana mifugo tarehe 1 Julai 1979, akaanzia Mtae, akahamia Magoma, akarudishwa nyumbani Mlola mwaka 1988, na hapa ndipo alipostaafu tarehe 9 Agosti 2018, ingawa wote mnajua kwamba kustaafu huko kuliishia kwenye barua tu, maana kesho yake saa moja asubuhi alikuwa njiani na mkoba wake.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na Beatha, mama yetu, wakajaliwa watoto wawili, Rahabu mwaka 1986 na Alen mwaka 1989, na wajukuu watano. Alikuwa mume mwema na mtu asiyekalika naye, chai yake ilipoa kikombeni kila siku ya Mungu, na kwenye harusi ya Rahabu mwaka 2013 alitoka kabla ya keki kwenda kumtia dawa ya jicho paka wa Bibi Mwanahamisi, akarudi watu wanakunja viti, Rahabu akamnunia mwezi mzima.

Hapa kuna jambo ambalo familia ilibishana juzi kama lisomwe, na Mama akakata shauri kwamba lisomwe. Mwezi Juni 1991 jirani yetu Mzee Hamza, ambaye mbwa wake Jasiri alikuwa akilinda karoti zisiliwe na nguruwe pori, alikuja kumwazimia mbwa huyo dawa ya jicho, kama sisi wa huku tunavyoazimana chumvi na kiberiti, nyumba inayonyima ikaonekana ina roho mbaya. Marehemu alikuwa na kichupa kilichobaki, ambacho daktari wa mifugo alimwandikia mbwa mwingine, dawa yenye steroidi, inayotuliza wekundu lakini inayoharibu kabisa jicho lenye mchubuko. Alifundishwa chuoni kwamba jicho huwekwa kwanza ile rangi ya kupimia, palipochubuka pang'ae kijani, lakini siku hiyo alikuwa na haraka, akakitoa kichupa bila kulitazama jicho. Lilikuwa limechomwa na mwiba. Siku ya sita lilipasuka, likatolewa, na Mzee Hamza, akiamini ni bahati mbaya tu, akaja kumshukuru kwa kikapu cha karoti. Marehemu hakuzila, wala hakumwambia.

Tangu siku hiyo hakutulia tena. Kila kichupa kilichofunguliwa alikibandika plasta yenye tarehe, wiki nne zikipita anakitupa hata kikiwa nusu, na hakumwazima mtu yeyote dawa ya jicho, awe mchungaji au shehe, hata akaitwa mchoyo sokoni na yeye akasikia. Badala yake aliwasindikiza watu na wanyama wao hadi Lushoto kwa daktari wa mifugo, wakapimwa, wakaandikiwa cheti, wakanunua dawa ya mnyama yule na ya jicho lile, kisha akawafuata nyumbani kuhakikisha wamenawa mikono, ncha ya kichupa haijagusa jicho, na kati ya dawa moja na nyingine zimepita dakika tano.

Tarehe 3 Machi 2025 mbwa wetu Bosi alichomwa jicho na kijiti, Daktari Asha wa Lushoto akampima, akaandika matone mara nne kwa siku, saa moja, saa tano, saa tisa na saa moja jioni, bila kuruka hata moja. Tarehe 6 marehemu alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na kila ilipofika saa ya dawa alipiga simu kutoka kitandani, akiuliza mikono kwanza, tone baadaye, na afya ya Mama mwishoni. Jumanne tarehe 11 Machi simu ya saa moja asubuhi haikuja. Alikuwa amefariki saa kumi na mbili na nusu alfajiri.

Siku hiyo hiyo, tukiwa kwenye vilio, Mzee Hamza aliliona jicho la Bosi jekundu, akaenda kwake akaleta tyubu ya dawa ya jicho iliyobaki kabatini, kwa upendo kabisa. Mama akainuka mkekani, akaikataa mbele za watu, na wapo waliosema mjane gani huyu anakataa msaada msibani. Ndipo alipomwita pembeni, akamweleza habari za Jasiri, baada ya miaka thelathini na mitatu. Mzee Hamza aliitia tyubu mfukoni akaenda kwake, hakurudi mpaka jioni, hata sisi tukaogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, watumishi wenzake wa mifugo, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, na Daktari Asha, aliyekuja leo kuomboleza akampima Bosi tena, akakuta doa kama kichwa cha pini bado linashika rangi. Sasa ni saa nane na dakika ishirini, na saa tisa tutakuwa makaburini.

Basi msimtafute Mzee Hamza huko, wala mtu asimseme vibaya kwamba hakumzika rafiki yake. Ameomba mwenyewe abaki. Yupo nyuma ya jiko na kichupa chenye cheti, ndoo ya maji na sabuni, yeye ambaye akiguswa na mate ya mbwa hunawa mara saba, na ametuambia tumwambie Nathanaeli kwamba lile la Jasiri limekwisha, na kwamba leo atanawa kabla na baada.

Baba, saa tisa ina mtu. Pumzika kwa amani.