Makumbi ya Kutagia

Mshonaji: Haloo? Nani mwenzangu?

Seremala: Kaka yako! Umefuta namba yangu?

Mshonaji: Shikamoo, kaka. Simu mpya hii. Ile ilivunjika.

Seremala: Marahaba. Sasa, mdogo wangu—

Mshonaji: Afadhali umepiga. Karakanani kwako kuna maranda?

Seremala: Yamejaa tele. Ya msonobari.

Mshonaji: Basi hayafai. Harufu yake kali, yatamuumiza kifua. Nyoka wangu yu karibu kutaga. Nimempa ndoo yenye mfuniko, nimeitoboa mlango. Tatizo ni cha kutandika. Magazeti yamelowa yakawa uji. Mchanga unakauka upesi, mayai yatanywea—

Seremala: Hilo la nyoka ndilo nililokupigia! Mumeo yuko radhi urudi. Sharti moja tu, huyo nyoka atoke.

Mshonaji: Kakwambia lini?

Seremala: [Mkwaruzo. Mtu anakohoa.] Mtandao unakata—

Mshonaji: Yupo hapo. Kikohozi chake nakijua.

Seremala: Tunatafuta amani, jamani! Mke kuacha ndoa kwa ajili ya nyoka? Watu wanatucheka.

Mshonaji: Wacheke, meno yao. Sikuondoka kwa ajili ya nyoka.

Seremala: Ila?

Mshonaji: Nyoka hajawahi kuninyanyulia kitu.

Seremala: Unasema...? Ule mkono wako uliovunjika... si uliteleza bafuni?

Mshonaji: Ndivyo nilivyowaambia. Mkaridhika.

Seremala: [Kiti kinaburutwa.]

Mshonaji: Kaka? Haloo?

Seremala: Subiri. [Mbali na simu] Shemeji, ulimfanya nini dada yangu? ... Nimekuuliza wewe, achana na nyoka! ... Inuka. Mlango ule pale.

Mshonaji: Kaka, usipigane!

Seremala: Sipigani. Ameshatoka. Huo mkono... unafanya kazi?

Mshonaji: Unashona. Kukiwa na baridi unauma.

Seremala: Mdogo wangu, sijui hata niseme—

Mshonaji: Usiseme. Nitafutie makumbi ya nazi, yaliyochambuliwa. Yanashika unyevu bila kuoza haraka. Nitayalowesha, niyakamue mpaka yasitoe hata tone.

Seremala: Jirani yangu anayajazia magodoro, hayakosi. Ila nitayaacha mlangoni. Mimi na nyoka, hapana!

Mshonaji: Mwoga mkubwa! Hana sumu. Utaingia, utakaa, utakunywa chai kama watu.

Seremala: Haya, haya... Salio langu linaisha. Sikia, huyu bwana ameondoka na hasira. Akija huko?

Mshonaji: Aje!

Seremala: Usijifanye jasiri, njoo ulale kwa—

Mshonaji: Siendi popote. Kufuli nimebadilisha, majirani nimewaambia kila kitu, kwa sauti, uani. Simfichii tena.

Seremala: Nakuja sasa hivi—

Mshonaji: Njoo, lakini si kunihamisha. Na akipitia dirishani atamkuta nyoka wangu amejiviringa na mayai yake tumboni. Hapo ndipo tutajua nani anakimb—

Seremala: Haloo? Haloo!

[Simu imekatika.]