Eliezeri Gidioni Mariki na Saa Sita Alizoziomba

Leo Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025, tunamlaza katika kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, ndugu yetu Eliezeri Gidioni Mariki, mpima ardhi, ambaye kwa miaka mitatu serikali ilimpa kazi ya kupima mahali pasipowekwa bikoni, yale mawe ya mipaka. Yamo humu mambo ambayo baadhi ya wageni wetu wangependa yarukwe. Kwa bahati mbaya yamekwisha kuchapwa, na nakala mia nne ziko mikononi mwenu.

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1964 hapa Kirua Vunjo, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Gidioni Mariki, aliyetangulia, na Mama Martha, ambaye yuko nasi. Alibatizwa mwaka huohuo katika usharika wetu. Mama anasema hakulia alipomwagiwa maji, bali alimtazama mchungaji kama mtu anayesubiri maelezo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1972. Akiwa darasa la tano mwalimu aliuliza anga ni la nani, na darasa zima likajibu ni la Mungu. Eliezeri alinyoosha mkono akasema ni la mwenye kihamba, kwa sababu tawi la mparachichi wa jirani likivuka huku juu tunalikata. Alichapwa viboko viwili. Miaka mingi baadaye, akiwa ameusoma mkataba wa kimataifa unaosema kwamba anga za juu si mali ya taifa lolote, alikiri kwamba darasa lilikuwa karibu zaidi na sheria kuliko yeye, ila viboko vilikuwa vingi. Alimaliza sekondari mjini Moshi mwaka 1983, akasomea upimaji wa ardhi Dar es Salaam, na baadaye akaenda nje ya nchi miaka miwili kujifunza kusoma picha za setilaiti.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Elinipendo, muuguzi. Aliwachorea wageni ramani ya kufika kanisani, yenye vipimo na mistari ya miinuko. Wageni waliofuata ramani walichelewa saa mbili. Waliouliza njia kwa wauza ndizi waliwahi.

Aliajiriwa serikalini mwaka 1988 na alipima mashamba, barabara na viwanja katika mikoa tisa bila kugombana na mtu. Aligombana alipopima nyumbani. Mwaka 2013 Mzee Sifael Tesha, jirani yetu wa upande wa chini, alitaka mpaka wa vihamba vyetu viwili uhakikiwe. Eliezeri alileta kipimo chake cha setilaiti, akatangaza mbele ya wazee kwamba Mzee Sifael ameingia kwetu mita moja na nusu. Mzee Sifael alijibu kwamba setilaiti haikuwepo babu yake alipopanda sale, yale majani marefu tunayowekea mipaka na makaburi. Hawakusalimiana miaka tisa. Mzee Sifael alihamia Mabogini kwenye mashamba yake ya mpunga, akawa mwenyekiti wa kitongoji, na mpaka ukabaki kama kidonda kisichofungwa.

Mwaka 2019 Eliezeri aliteuliwa katika kamati ya kuandaa rasimu ya sera ya matumizi ya anga za juu: ya kiraia, ya kijeshi na ya usalama. Mama Martha alimuuliza kama tuna chombo chochote huko juu. Alijibu kwamba bado. Mama akauliza sasa sera ya nini. Akasema ni ili siku kikiwapo tusigombane.

"Mtagombana tu," alisema Mama.

Waligombania aya ya kumi na saba. Picha zilikuwa zinakuja kwa makubaliano na nchi rafiki, na aya hiyo ilihusu nani azione kwanza na nani aziachie. Eliezeri aliandika kwamba picha inayoonyesha hatari kwa maisha ya watu itolewe kwa wahusika ndani ya saa sita, na kama ina kitu cha kulindwa, kitu hicho kikatwe na sehemu iliyobaki itolewe. Wenzake walisema mto na kambi huonekana katika picha ileile, na adui naye anajua kusoma. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu, na marehemu hakuwahi kusema ilikuwa. Kamati ikaandika kwamba picha itatolewa baada ya saini tatu: ya upande wa kiraia, ya upande wa jeshi, na ya upande ambao nyaraka ziliuita upande wa tatu. Utaratibu ukaanza kutumika kwa majaribio, na wajumbe wote wakala kiapo cha kutofichua kilichomo katika picha kwa maneno, maandishi, michoro wala ishara. Eliezeri aliapa. Alikuwa mtumishi wa umma na aliamini viapo.

Tarehe 26 Aprili 2022 ilikuwa Jumanne, sikukuu ya Muungano. Alikuwa hapa nyumbani kwa likizo, akitengeneza paa. Mvua ilikuwa na siku tisa. Saa tatu asubuhi alifungua kompyuta ya ofisi na kukuta picha mpya ya rada, ambayo hupenya mawingu. Aliilinganisha na ya Jumamosi. Juu msituni ukingo ulikuwa umeporomoka na kuziba korongo. Jumamosi, nyuma ya kizuizi hicho kulikuwa na maji ya ukubwa wa kiwanja cha mpira. Jumanne yalikuwa viwanja vinne. Korongo hilo hushuka hadi mtoni, na mto hupita Mabogini, ukigusa kitongoji cha Mzee Sifael.

Saa tatu na robo aliomba ridhaa. Upande wa jeshi ulisaini baada ya dakika ishirini na tano. Upande wa tatu ulisaini saa nne kamili, kwa herufi moja. Saini iliyokosekana ilikuwa ya upande wa kiraia, yaani ya mkurugenzi wake mwenyewe, Bwana Shedrack, aliyekuwa kwenye harusi ya ndugu katika kijiji ambacho mtandao hupatikana juu ya jiwe moja. Eliezeri alimpigia mara kumi na nne. Kaimu wake alisema hana mamlaka ya kusaini, ila suala hilo analipa uzito wa pekee.

Saa tano na nusu Elinipendo, aliyekuwa akimenya ndizi jikoni, alimwona mumewe akitafuta panga. Alimuuliza anakata nini na mvua hii. Akasema sale. Elinipendo aliuliza nani amekosewa.

"Mimi ndiye nitakuwa nimekosa," alisema, akatoka.

Kwa wageni ambao si wa huku: mtu akikuletea sale lililofungwa fundo, amekuja kukuomba msamaha au jambo zito, na wewe uliyeletewa huna ruhusa ya kukataa. Hata kama amekuchomea nyumba. Eliezeri alilikata kwenye mpaka uleule wa ugomvi, akapanda bodaboda, akashuka Moshi na kufika Mabogini saa saba na nusu, ameloa mpaka kwenye soksi.

Mzee Sifael alipoliona lile jani alisimama. Alikuwa amelisubiri miaka tisa na hakutaka liharibiwe na haraka. Alipokea shikamoo, akamkalisha Eliezeri, akatuma mtu awaite wazee wawili, akatuma mwingine akatafute mbege, pombe yetu ya ndizi, kwani jambo kama hili haliendi kavu. Eliezeri alisema mbege ingeweza kungoja. Mzee Sifael alisema iliyongoja ni mita moja na nusu, mbege haijangoja bado. Wazee walifika saa nane na robo. Mmoja alianza kueleza historia ya mpaka tangu enzi za Wajerumani.

"Mzee wangu," Eliezeri alisema, "mpaka ni wako. Nimekubali mbele ya hawa. Sasa nina ombi."

"Taratibu, Mtaalamu. Setilaiti imekosea?"

"Imekosea."

Haikuwa imekosea. Kwa waliomjua, huo ndio uongo pekee wa kitaalamu aliousema maishani.

"Sema ombi."

"Watu wote wa kitongoji wahame. Wapande shuleni kabla ya giza."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Unaniletea sale halafu unanificha?"

"Nimekula kiapo, Mzee."

Mzee Sifael amesimulia kwamba hapo hasira ilimpanda. Aliona kwamba lile jani halikuwa la msamaha, na kwamba ametumiwa. Alimtazama Eliezeri, ambaye maji yalikuwa yakimtiririka usoni na hakuyafuta. Mzee mmoja alisema jani la namna hiyo lirudishwe. Mzee Sifael aliligeuza mkononi muda mrefu, kisha akauliza kiapo hicho amekula kwa nani. Eliezeri alisema kwa serikali.

"Na sale hili umelileta kwa nani?"

"Kwako. Sina mwingine."

Mzee Sifael alichukua mwavuli. Alikwenda msikitini akaomba kipaza sauti, kisha kanisani akaomba kengele, na kwa wasio na dini alikwenda mwenyewe na fimbo. Watu walipanda shuleni wakiwa na magodoro, kuku na manung'uniko. Walisema mwenyekiti amezeeka. Saa kumi na moja jioni mvua ilikatika, na baadhi wakataka kurudi wakapike. Mzee Sifael aliegesha pawatila yake, trekta dogo la mkono, kwa upana juu ya daraja la kurudi kitongojini, akachomoa ufunguo, akakaa juu yake. Vijana walimwambia atalipia mpunga utakaoibwa. Alisema wamwandikie. Eliezeri alisimama pembeni yake. Alikuwa ameonyesha uso wake kwa watu mia tatu, na akawa na usiku mzima wa kufikiri kwamba kizuizi kinaweza kushikilia, na kwamba amevunja kiapo na kutoa ardhi ya baba yake bure.

Kizuizi hakikushikilia. Maji yalifika Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mawe, na miti mizima yenye mizizi. Yalichukua nyumba za upande wa chini, mfereji mkuu na pawatila, ambayo Mzee Sifael alikuwa ameshuka kutoka juu yake dakika kumi kabla kwenda chooni, jambo analolisimulia mwenyewe.

Ridhaa ya upande wa kiraia ilipatikana Alhamisi. Ilisainiwa vizuri.

Uchunguzi uliofuata ulikaa vikao vitatu kuamua kama sale ni ishara kwa maana ya kiapo. Mzee Sifael aliitwa kama shahidi. Alisema hakuonyeshwa kitu wala kuambiwa kitu, aliombwa tu, na kama wanataka kujua tofauti waende wakaulize wake zao. Uamuzi ulikuwa kwamba ushahidi hautoshi. Eliezeri aliondolewa katika kamati na kuhamishiwa chumba cha ramani za zamani, kwa lengo la kuimarisha kitengo. Kutoka chumba hicho aliandika barua kumi na moja kuhusu aya ya kumi na saba. Alipata jibu moja, lililomkumbusha kutumia fomu sahihi. Alistaafu Februari 2024. Hakulalamikia kuhamishwa, lakini alikuwa akisema masika mengine yatakuja na hatakuwa na kihamba kingine cha kutoa.

Novemba 2024 alianza kushindwa kumeza. Hospitalini Moshi iligundulika kuwa ni saratani ya umio. Elinipendo alimuuguza kwa mikono ileile aliyowauguzia wengine miaka thelathini. Tarehe 19 Julai mwaka huu Bwana Shedrack alikuja kumtazama. Alisimama mlangoni kwanza, kama mtu asiye na hakika na chumba. Kisha akasema, "Kaka, aya yako imerudi."

Alikuwa na rasimu ya mwisho. Saini tatu zilikuwa zimeondolewa. Picha za hatari zingetolewa ndani ya saa ishirini na nne. Familia ilifurahi. Eliezeri aliisoma mara mbili, na kwa kuwa sauti ilikuwa imebaki kidogo, alimwomba mkurugenzi ahesabu kwa ajili yake: kutoka saa tatu asubuhi Jumanne hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Jumatano, ni saa ngapi.

Bwana Shedrack alihesabu kwa vidole. Alifika ishirini na moja na nusu.

Bwana Shedrack alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisema ishirini na nne ndiyo idadi iliyokubalika na pande zote, na kuipata kumechukua miaka mitatu. Eliezeri hakubishana. Alimsogezea penseli. Bwana Shedrack aliikata ile ishirini na nne, akaandika sita, akaweka saini pembeni. Eliezeri akamwomba aweke na tarehe.

Rasimu hiyo sasa iko ngazi za juu. Bwana Shedrack yuko nasi leo, safu ya tatu. Jana familia ilimuuliza kama sita bado ni sita. Alisema hajui. Alisema pia kwamba akiulizwa ni nani aliyeikata, atasema ni yeye. Tunaliandika hapa ili wote walioshika nakala hii wawe mashahidi.

Eliezeri alifariki Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, Elinipendo, watoto wawili, Godwin na Pamela, wajukuu watatu, mama yake mzazi, Martha, ndugu wanne, na Mzee Sifael Tesha, ambaye aliomba mwenyewe aandikwe katika orodha hii, na ukoo umekubali. Ameacha pia watu wa kitongoji kimoja cha Mabogini, waliokuja leo kwa malori mawili na wamekaa nyuma kwa kuwa hawakujua wakae upande gani wa ndugu. Idadi yao haimo katika ripoti yoyote ya mafuriko yale, kwa sababu ripoti huhesabu waliokufa. Tunawaomba wasogee mbele.

Lala, kaka yetu. Bwana akupe utulivu.