Mama Zima Taa Anakiaga Chumba cha Picha za Moyo

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kupiga picha za moyo, dada yetu mpendwa anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Anaondoka mapema kuliko kanuni zinavyomtaka. Tungependa kuandika kwamba kazi imemchosha, lakini huo ungekuwa uongo wa mchana kweupe.

Alianza mapokezi, akipanga mafaili ya wagonjwa, kisha akaenda kusomea fani yake. Aliporudi alikabidhiwa chumba cha mwisho wa korido, ambacho lazima kiwe giza ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Wengine tungenung'unika. Yeye alikipenda siku ile ile. Hata nje ya chumba alipita akizima taa, kantini, ofisini, kila mahali, mpaka mhasibu akamwita Mama Zima Taa na jina likamganda. Tulidhani anabana matumizi ya umeme. Kumbe kichwa kilikuwa kinampasuka.

Kipandauso kilimwanza tangu shuleni. Kwanza mistari ya mwanga iliyopindapinda pembeni mwa jicho, kisha maumivu ya upande mmoja, kisha kutapika. Kazini alinawa uso, akarudi kwa mgonjwa akitabasamu. Watoto walioogopa kupakwa jeli ya baridi kifuani kabla ya picha aliwaruhusu wampake yeye kwanza, na hakuna aliyekataa nafasi hiyo.

Idara yetu ina desturi yake: mashine mpya ikija, mmoja wetu hulala kitandani ijaribiwe kwake. Miaka yote yeye ndiye aliyeshika kifaa cha kupitisha kifuani, kwa hiyo moyo wake haukuwahi kupigwa picha. Mwaka jana tulimtania mpaka akakubali kulala. Daktari wa moyo alimdunga maji ya chumvi yaliyotikiswa yakajaa viputo, akamwambia abane pumzi na kujikaza, kisha apumue. Viputo vilipaswa kuishia upande wa kulia wa moyo, vikachujwe mapafuni. Vikavuka kwenda kushoto. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuviona. Alikinyooshea kioo kidole, na sisi tukaacha kucheka.

Ni tundu dogo baina ya vyumba vya juu vya moyo. Kila mtoto huwa nalo akiwa tumboni mwa mama, na kwa walio wengi huziba baada ya kuzaliwa. Picha ya ubongo ilifuata, ikaonyesha madoa meupe machache ndani kabisa. Daktari hakumficha: wenye kipandauso cha aina yake huonekana kuwa na tundu hilo mara nyingi zaidi, na madoa vilevile, lakini kama kimoja ndicho kinachozaa kingine, wataalamu bado wanavutana. Dada alimuuliza daktari jambo moja tu: tundu likizibwa, je, ataweza kubaki kazini? Daktari alisema hawezi kumwahidi.

Kufikia hapo macho yalishaanza kumchezea. Asubuhi moja nusu ya kioo ilimpotea akiwa na mgonjwa. Aliweka kifaa chini, akamwita mwenzake, na hakuna kilichoharibika. Mchana huo huo alikwenda kwa mkuu wa idara akasema kwamba mtu asiyeuona moyo wote hana haki ya kumwambia mwenye nao kuwa ni mzima. Tulimbembeleza. Mumewe naye alimbembeleza. Hakutikisika, na inatuuma kukiri kwamba alikuwa sahihi.

Wiki hizi za mwisho amekuwa akifundisha tu, akisimama nyuma ya kiti cha dada anayeshika nafasi yake. Juzi mimi ninayeandika haya nilichungulia mlangoni. Mgonjwa alikuwa amelala, picha ilikuwa safi, na wengine wote walikuwa wamekikodolea kioo macho. Yeye alikuwa amefumba macho, mkono wake wa kulia ukijigeuza polepole hewani, ukitafuta moyo. Nilirudi mezani kwangu nikashindwa kufanya lolote.

Dada, ahsante kwa kila mgonjwa uliyemtuliza na kila mmoja wetu uliyemfunza. Pengo lako tutaliona kila asubuhi. Tunakuombea siku nyingi zenye kichwa chepesi, na mkono huo upate kitu kingine cha kupenda.