Shukrani za Wasichana kwa Kupewa Ufagio wa Karakana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu, wazee wangu wa kike na wa kiume, ndugu wageni mliotoka Handeni na Korogwe, nanyi wanafunzi wenzangu mlioketi juani: wakubwa wangu, shikamooni, wenzangu, hamjambo.

Mimi ni Mwanaidi binti Salimu, wa Darasa la Saba. Nimeambiwa nitoe shukrani za wasichana katika siku hii ya kufungua karakana ya useremala ya kijiji chetu cha ujamaa. Shuleni tumefundishwa kwamba shukrani njema hutaja kitu kwa jina lake, haisemi ahsante tu na kuketi. Basi nitajitahidi kutaja.

Kwanza namshukuru mtu ambaye hayupo. Mama Shirin alikuwa na duka la vitambaa Korogwe ya zamani, karibu na mto Pangani, jirani na nyumba ya shangazi yangu, ambako nilikaa nikisoma madarasa ya mwanzo. Mchana, wateja walipopungua, alipakata mto mgumu uliochomwa pini nyingi, na kutoka kwenye pini zikaning'inia nyuzi, na kila uzi umezungushwa kwenye kijiti chembamba cha mti. Alivipishanisha vijiti vile, cha kulia juu ya cha kushoto, vikigongana kama mvua inayoanza kwenye bati, na chini ya vidole vyake ikatoka lesi, kitambaa chembamba cha matundu na maua. Aliponikuta nimeduwaa mlangoni hakunifukuza.

"Mlango wangu unataka wateja, hautaki nguzo," alisema. "Ingia. Kaa. Shika viwili."

Nikashika viwili, na siku zilizofuata nikashika vingi. Kisha familia yake ikaondoka nchini. Habari ya kuondoka kwao sitaisema, maana wakubwa mnaijua kuliko mimi. Aliniachia mto na pini. Vijiti hakuniachia.

"Hivi ni vya marehemu mama yangu, siwezi," alisema. "Lakini usilie, Mwanaidi. Kijiti ni mti tu. Kwenu miti haikosi."

Tulipohamia kijiji hiki, na shule ikaagizwa iwe na kazi ya kujitegemea, wavulana wakapewa shamba la pamba nasi wasichana tukaomba kufuma lesi. Tulikubaliwa. Namshukuru Ndugu Mwenyekiti, Mzee Sadala, ambaye siku nilipokwenda kumwomba mti wa vijiti alinisikiliza kwa makini sana.

"Vijiti vya leso?" aliuliza. "Leso hufungwa kiunoni, mwanangu. Tangu lini ikataka kijiti?"

Wajumbe walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa mgeni kwenye baraza. Nikaeleza kwamba ni lesi, si leso. Mwenyekiti akasema, "Haya, leso au lesi, nenda kwa Isihaka."

Mzee Isihaka huyu hapa mbele, wengi wenu mmelala juu ya kazi yake. Matendegu ya vitanda vya kijiji hiki, yale yenye vifundo na mikato ya duara, ameyakereza yeye. Keezo lake, yaani chombo chake cha kukerezea, halina umeme wala gurudumu. Mti unashikwa kati ya ncha mbili za chuma, unazungushiwa kamba ya upinde. Mkono wa kulia unavuta upinde kwenda na kurudi, mti unazunguka, na mkono wa kushoto unashika patasi, huku vidole vya mguu vikiikaza isiteleze. Fundi hukaa chini, amenyoosha miguu. Nilidhani atanikerezea vijiti, lakini alinikalisha hapo nikereze mwenyewe.

Kijiti changu cha kwanza kilitoka kifupi, kinene, kina kiuno na makalio. Mzee alikipapasa, maana hata wakati ule macho yalikuwa yameanza kumwacha.

"Hili ni tendegu," alisema. "Umemtengenezea panya kitanda. Bado matatu, alale."

Cha pili kilikatika shingo. Na cha tatu, na vya baadaye, vyote shingoni, pale palipotakiwa kuwa pembamba ili uzi ukae. Nilidhani mti ni mbovu. Nikalaumu patasi. Mzee akanisikiliza nikivuta upinde, akanishika kifundo cha mkono.

"Unakata kwenda, unakata kurudi. Una ugomvi na nani? Mti ukija kwako, kata. Ukikukimbia, ondoa patasi, uuache upite. Tendegu ni nene, linavumilia ujinga. Hiki hakivumilii."

Je, ni rahisi hivyo? Ndugu wageni, kusikia ni rahisi. Mkono haukubali. Mkono unapoona mti unazunguka unataka kuula wakati wote. Nilijifunza mpaka vidole vya mguu vikaota sugu. Nikaanza na mninga, nikafika kwenye mpingo, ambao ni mgumu lakini una uzito wa kuvuta uzi ukanyooka. Kijiti cha kwanza cha mpingo kilichotoka kizima, Mzee Isihaka alikipitisha shavuni, kisha akasema, "Kingine. Havifumi kimoja kimoja."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nawashukuru waliosema, maana walisema kwa kunipenda. Walisema mtoto wa kike ananyoosha miguu mbele za watu, anavuta upinde kama mwindaji, ataolewa na nani? Bibi yangu Hamisa alinishonea suruali ya kaniki ya kuvaa chini ya gauni, akaenda mwenyewe kisimani kuwajibu.

"Msibani sisi hukaaje?" aliwauliza. "Hunyoosha miguu. Tukisuka ukili hukaaje? Kunyoosha miguu kwa msiba ni heshima, kwa kazi ni aibu? Na anayetaka kutazama miguu ya mjukuu wangu, atatazama kaniki."

Wakajitwisha ndoo zao, na vijiti vikaendelea, na wasichana wa Darasa la Sita na la Saba wakafuma.

Mwaka huu Mzee Isihaka, kwa kuwa macho yamekwisha, alikitolea kijiji keezo lake bila kudai kitu. Tunamshukuru. Wananchi wakafyatua matofali, wanawake wakabeba maji ya kukandia udongo, na karakana hii ikasimama. Tunawashukuru. Ndipo halmashauri ya kijiji ikakaa kuamua nani atajifunza humo. Ikachagua wavulana watatu, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kushika upinde. Kuhusu wasichana iliamuliwa, kwa ajili ya kulinda heshima yetu, kwamba tutashughulikia usafi. Yaani tutafagia maranda. Ufagio nilikabidhiwa mimi mwenyewe, mpya, na Mzee Sadala akanipiga bega akasema, "Unaona, Mwanaidi, hatukukusahau."

Ni kweli, Mwenyekiti. Hamkunisahau. Mtu aliyesahau hukumbushwa. Mtu aliyekumbuka namna hii afanyiwe nini?

Namshukuru pia Matayo, mmoja wa wale watatu. Matayo, usiiname, nakutaja kwa wema. Juzi, baada ya kulijaribu keezo, alinifuata nyuma ya darasa akaniuliza, "Mwanaidi, mbona kila kijiti changu kinakatika shingoni?" Nikamwambia. Ningeweza kumnyima, na nilitamani. Lakini mti haukunikosea kitu, wala Matayo. Akasema, "Sasa kwa nini hawakukuchagua wewe?" Nikamjibu awaulize waliochagua. Akasema anaogopa. Sikumcheka, maana hata mimi naogopa hapa niliposimama.

Wasichana wenzangu walionituma hawakunituma kulalamika. Walinituma nishukuru, nami nimeshukuru. Lakini vijiti tulivyo navyo vinapasuka na kupotea, na hakuna mwingine anayevikereza. Nisipokaa kwenye keezo lile, kazi yetu ya kujitegemea itakwisha kabla ya mavuno ya mwakani, na wasichana wanaotufuata wakiona mto wenye pini wataulizana ulikuwa wa nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hivi punde utaombwa ukate utepe. Naomba uutazame kwanza. Utepe wa dukani ulikosekana, kwa hiyo jana wajumbe walikuja shuleni wakachukua lesi tuliyomaliza, iliyokuwa ipelekwe kwenye duka la ushirika Korogwe kama mfano wa kazi yetu. Ni kazi ya muhula mzima na ya mikono mingi. Hatukuulizwa. Mkasi nimeuona kwenye sinia, umeng'arishwa vizuri. Lakini lesi ikikatwa haiwi lesi mbili, Mheshimiwa. Hufumuka. Asubuhi nilipewa kazi ya kuifunga hapo kwenye miimo ya mlango, na nimeifunga fundo la kuvutika. Ukivuta ncha ya kulia, mlango utakuwa wazi na lesi itabaki nzima.

Na neno langu la mwisho ni kwenu nyote. Mwalimu wetu wa siasa ametufundisha kwamba halmashauri huamua, lakini mkutano mkuu wa kijiji unaweza kubadili uamuzi wake. Nimetazama kutoka mbele mpaka nyuma. Baba zetu mpo, mama zetu mpo, na Mwenyekiti yupo. Sijui mkutano unataka nini zaidi ya hapo. Mimi ni mtoto, siruhusiwi kupiga kura. Wenye kura ni ninyi. Kwa hiyo lesi ikishafunguliwa, kabla hamjaingia kutazama, naomba mmoja wenu tu anyooshe mkono aulize: msichana huyu anaingia humu kufanya nini?

Nitakuwa nimesimama hapa nje nikisubiri jibu. Kwa kunivumilia hadi hapa, wazee wangu na ndugu zangu, ahsanteni.