Kimono Dirishani

Asubuhi ya Jumapili, basi likielekea katikati ya Rio, mzee Evandro aliketi dirishani akipeperusha nje kimono yake mbichi, vazi la mchezo wa mieleka ya jujitsu. Jirani yake, mama mwenye kapu la mihogo, alivumilia vituo viwili.

"Baba, hiyo bendera ya nchi gani?"

"Nguo ya mashindano, mama. Ya kwanza maishani. Wanakupima uzito ukiwa umeivaa, mara moja tu. Mke wangu kaifua jana usiku, na mvua ile. Ikifika na maji haya, nimezidi uzito, narudi nyumbani."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Na mpinzani?"

"Hamsini na nane. Kijana."

Mama akamkagua magoti. "Mkeo huwa anaifua?"

Evandro akafikiri. Kwa miezi minane ya mazoezi mkewe hakuwahi kuigusa hata kwa kidole. "Hapana."

"Basi mwenzio hataki uvunjike. Rudi tu, baba."

"Anajua naogopa," alisema Evandro taratibu. "Kanipa kisingizio."

Basi likafunga breki mbele ya ukumbi wa mashindano. Mama akashusha kapu sakafuni, akavuta mkono mmoja wa kimono.

"Shika huko," alisema. "Tukamue."