Mama Subiri na Chupa Zilizorudi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Subiri, mtunza kompyuta wa ghala la dawa, tuliyemzika Jumamosi. Ghala lile hulisha hospitali na zahanati zote za mji. Mafaili yake yalikuwa mikononi mwa mama huyu. Mafaili yaliyo hai, wasikilizaji: kila dawa inayotoka kaunta inaandikwa humo papo hapo.

Mumewe ni fundi makochi. Shule aliiacha mapema, lakini kazi ya mkewe aliielewa.

"Kaunta wanaandika, wewe unakuja na ripoti yako ndefu," anasema. "Mafaili yanashikwa, kaunta zinaganda. Ni kama kufumua kochi watu wamelikalia!"

Jina la Subiri alipewa na wapakiaji wa ghala. Ukimwomba ripoti, jibu lake moja: "Subiri kwanza." Kila ripoti mpya aliijaribu kwanza kwenye nakala ya mafaili ya jana. Ikienda salama, ndipo aipeleke kwenye mafaili yaliyo hai, tena kwa ruhusa ya kusoma tu. Kusoma tu. Haiwezi kufuta, haiwezi kubadili.

Aliomba mashine mpya ya kuwekea nakala hiyo. Wakubwa wakasema fungu hakuna. Mwezi huohuo ofisi ya bosi ikapata makochi mapya. Mumewe ana hakika, ndiye aliyeyashona. Mama akaokota kompyuta kuukuu stoo, akaipangusa vumbi, akaendelea.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, simu ililia ghalani. Dawa ya kikohozi ya watoto, toleo moja, imechanganywa vibaya kiwandani. Ni sumu. Na chupa za toleo hilo zilikuwa zimeanza kutoka asubuhi ileile. Zimekwenda wapi? Ripoti ya namna hiyo haikuwapo. Ilibidi itungwe.

Bosi akaingia mbio, tai begani.

"Vuta kila kitu! Mwaka mzima! Sasa hivi!"

"Subiri kwanza, bosi."

"Watoto watakufa, wewe unaniambia subiri?"

"Nikivuta mwaka mzima, kaunta zitaganda. Pale nje kuna gari la chumba cha upasuaji linangoja dripu. Wagonjwa wa huko nao si watoto wa watu? Sogea kidogo, baba, unanizibia mwanga."

Akatunga swali fupi: toleo lile tu, asubuhi ile tu. Akalijaribu kwenye kompyuta kuukuu. Halikukwamisha kitu. Akalipeleka kwenye mafaili yaliyo hai, kwa ruhusa ya kusoma tu. Kaunta hazikutetereka. Gari la dripu likaondoka. Na majina yakaanza kushuka kwenye skrini: hospitali hii, zahanati ile.

Simu zikapigwa. "Msifungue hilo boksi!" Jua halijazama, chupa zote zikawa zimerudi, vizibo havijaguswa. Zote, wasikilizaji wapendwa. Hakuna mtoto aliyeonja hata tone. Wapakiaji wakambeba mama juujuu, wakazunguka naye ghala zima.

"Nishusheni, wahuni nyie! Gauni langu!" Na huku anacheka mpaka machozi.

Pongezi za wakubwa zilimwendea bosi. Jambo hilo limemkaa mumewe kooni mpaka leo.

"Walimpongeza mpiga kelele," anasema. "Nilipomlalamikia mke wangu, akanijibu: 'Mume wangu, chupa zimerudi. Unataka nini tena?'"

Kwako fundi, kwa binti zako na kwa wapakiaji wa ghala: poleni sana. Mola ampumzishe kwa amani. Nanyi mnaoketi kwenye viti vya ukubwa, mtu wa kazi akisema subiri, muulizeni anaona nini.

Na wewe mzazi mwenye kijana aliyekohoa utotoni, habari hii hukuwahi kuisikia. Hakuna aliyekuja kugonga mlango wako kukupa pole. Basi mwangalie huyo kijana anavyomaliza chakula chote mezani, mgombeze ukipenda, kisha mshukuru Mama Subiri.