Dada Chokaa Anaiaga Maabara ya Isotopu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Dada Chokaa anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya isotopu, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, kwa miaka thelathini na mmoja. Angeweza kubaki miaka minne zaidi. Anaondoka mapema kwa sababu mumewe, aliyekuwa fundi wetu mkuu wa kuchoronga visima vya utafiti miambani, ameanza kupoteza kumbukumbu, naye hataki kumwachia mtu mwingine kazi ya kumtunza.

Jina hilo alilipata kutokana na madini meupe. Zamani sana kimondo kilipogonga ardhi na kuacha kreta, yaani lile shimo kubwa la duara, maji yaliyopenya kwenye nyufa za mwamba yalichemka. Yalipopoa yakaacha utando mweupe wa kaboneti, ndugu yake chokaa. Dada aliukwangua kwa keekee nyembamba kama ya daktari wa meno, akautia asidi, na gesi iliyotoka akaipitisha kwenye mashine ya kupima uzito wa atomi. Oksijeni ilimwonyesha joto la maji yale. Kaboni ilimwonyesha asili yake, mwamba au kiumbe hai.

Mwaka mmoja kaboni ikaashiria kwamba vijidudu viliwahi kuishi humo, chini ya ardhi iliyoungua. Sisi tukaanza kupongezana. Yeye akatupoza: huenda kaboni hiyo ni ya gundi ambayo mumewe aliunganishia mawe yaliyovunjika. Jioni hiyo mumewe alihojiwa mezani kama mshukiwa. "Mke wangu," alijitetea, "gundi ni yangu, lakini hao wadudu usinibebeshe." Dada akaweka kando kila kipande kilichoguswa na gundi, akaanza upya. Majibu yaliporudi yale yale, ndipo akaturuhusu tuyachapishe.

Mwezi uliopita alimleta mumewe hapa. Hakumkumbuka hata mmoja wetu. Alipopewa kipande cha mwamba alikigeuza taratibu, akasema, "Hiki kilitutoa jasho. Kisima cha pili." Dada alisoma alama iliyo chini yake, akaitikia kwa kichwa, kisha akatoka nje. Hakuna aliyemfuata.

Dada, maji yale yalibaki ya moto kwa muda gani? Swali hilo umetuachia, nasi hatutalifanyia haraka. Asante kwa kutufundisha kulitilia shaka hata lile tunalolitamani. Nenda salama. Siku zenu ziwe nyingi na tulivu, na hata atakaposahau jina lako, autambue mkono wako.